Daniel Heinsius wa Leiden: mshairi aliyekabidhiwa funguo za maktaba

Msomaji anayesomea ukutubi ameuliza hivi: "Katika historia ya maktaba nimekutana na jina la Daniel Heinsius, lakini ameelezwa kwa mstari mmoja tu: mwanazuoni wa Renesansi, mshairi, na mkutubi wa Chuo Kikuu cha Leiden. Maisha yake yalikuwaje? Na ilikuwaje mshairi akabidhiwe maktaba ya chuo kikuu? Je, kilikuwa cheo cha heshima tu?"

Ndugu yangu, mstari huo mmoja umemdhulumu Heinsius. Niruhusu nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu bila hilo maisha yake hayaeleweki.

Hakikuwa cheo cha heshima. Mwishoni mwa karne ya 16 hapakuwa na chuo chochote Ulaya kilichofundisha ukutubi. Maktaba ilimhitaji mtu aliyeweza kufungua mswada wa Kigiriki ulionakiliwa karne nyingi nyuma, akatambua ni kazi ya nani, kama imetimia au imepungukiwa kurasa, na ni wapi mnakili amekosea. Hiyo ni kazi ya mhakiki wa matini, na wahakiki hodari wa zama hizo mara nyingi walikuwa washairi wa Kilatini. Ushairi wa Kigiriki na Kilatini hupimwa kwa mpangilio wa silabi ndefu na fupi, hivyo mnakili akiruka neno au akiweka jingine mahali pake, mshororo unachechemea. Sikio lililozoea kutunga hulisikia kosa kabla jicho halijaliona, kama vile mtu aliyekulia kwenye tenzi asivyohitaji kuhesabu mizani kwa vidole ili ajue kwamba kipande kimepungua. Kutunga, kuhariri na kutunza vitabu vilikuwa sehemu za ufundi uleule.

Leiden yenyewe ni ushahidi. Mji huo ulizingirwa na majeshi ya Hispania mwaka 1574, watu wakafa kwa njaa na maradhi, na uliokolewa tarehe 3 Oktoba baada ya kuta za kuzuia maji kukatwa makusudi ili maji yafunike nchi na mashua za waokoaji zifike. Mwaka uliofuata, 1575, Willem wa Orange, kiongozi wa uasi dhidi ya Hispania, aliupa mji chuo kikuu, na maktaba yake ilianzia kwenye Biblia ya lugha nyingi iliyochapishwa na Plantin, zawadi ya Willem huyohuyo. Mkutubi wa kwanza alikuwa Janus Dousa, bwana wa ukoo wa kikabaila aliyeongoza walinzi wa mji wakati wa mzingiro, na ambaye jina lake lilijulikana zaidi kwa mashairi ya Kilatini. Mwanawe, naye mshairi, alimfuata, lakini alifariki kijana mwaka 1596. Akaja Paulus Merula, mwanasheria na mwanahistoria. Merula alipofariki mwaka 1607 zamu ikamfikia Heinsius, mkutubi wa nne. Alikuwa na miaka 27.

Sasa tumrudie yeye. Alizaliwa Ghent, katika Ubelgiji ya leo, mwezi Juni 1580, katika familia ya Kiprotestanti. Alikuwa mtoto mdogo wakati majeshi ya mfalme wa Hispania yalipokuwa yakiirejesha miji ya Flanders mikononi mwao, mmoja baada ya mwingine, na Ghent ikasalimu amri mwaka 1584. Familia ilikimbia: Veere katika Zeeland, kisha Uingereza, kisha Rijswijk karibu na The Hague, mwishowe Vlissingen. Naona hapa ndipo penye mzizi wa mambo mengi yaliyomtokea baadaye. Mtoto wa mkimbizi aliyehamishwa bandari hadi bandari alikua akijua kwamba mji unaweza kupotea, na kwamba upande wa kisiasa ambao mtu anasimama si jambo la kuchezea. Nitalirudia hili tukifika mwaka 1618.

Baba yake alimtaka asome sheria, akampeleka Franeker kaskazini mwa Uholanzi. Sheria haikumkaa. Mwaka 1598 alifika Leiden, na huko akampata mtu aliyeyageuza maisha yake, Joseph Justus Scaliger. Scaliger alikuwa Mfaransa, na wengi walimhesabu kuwa ndiye msomi mkubwa kuliko wote Ulaya. Chuo kilimleta mwaka 1593 kwa masharti ambayo profesa yeyote angeyatamani: alipwe vizuri na asilazimike kufundisha darasani. Kuwepo kwake mjini kulitosha. Alichofanya ni kuwaita vijana wachache wenye kipaji nyumbani kwake na kuwalea kielimu. Heinsius alikuwa mmojawapo, pamoja na Hugo Grotius, ambaye dunia inamkumbuka leo kama baba wa sheria ya kimataifa. Grotius alikuwa mdogo kwa Heinsius kwa miaka mitatu hivi. Vijana hawa wawili waliandikiana mashairi, wakasifiana, na wakashindana bila kinyongo.

Miaka hiyo ya ujana ndiyo, kwa hukumu yangu, bora kuliko yote katika maisha ya Heinsius. Mwaka 1601 alitoa kitabu kidogo cha picha za mapenzi, kila picha ikiwa na shairi fupi la Kiholanzi. Hakuweka jina lake. Alijiita Theocritus a Ganda, yaani Theocritus wa Ghent, akiujumuisha mji alioupoteza na mshairi wa Kigiriki aliyempenda. Mwaka uliofuata ukatoka Auriacus, mchezo wa huzuni kwa Kilatini juu ya kuuawa kwa Willem wa Orange. Willem alipigwa risasi Delft mwaka 1584, miaka 18 tu kabla ya mchezo huo. Fikiria ujasiri wa kijana wa miaka 22 anayechukua umbo la tanzia za Seneca, mwandishi wa Roma ya kale, lililozoea wafalme wa visasili, na kumweka ndani yake mtu ambaye watazamaji wengi walimwona kwa macho yao. Lugha yake imejaa, pengine imejaa mno, lakini ndani yake kuna hasira ya kweli.

Tangu 1602 alikuwa akifundisha ushairi chuoni, na mwaka 1603 akapewa uprofesa. Mwaka 1605 aliongezewa Kigiriki. Wakati huohuo alihariri washairi wa kale Hesiod, Theocritus na Horace. Halafu, mwaka 1607, akakabidhiwa maktaba.

Nikueleze ilivyokuwa, maana wewe utalijali hili. Maktaba ilikuwa ghorofani, katika jengo lililokuwa kanisa la watawa wa kike, ng'ambo ya mfereji wa Rapenburg ukitokea jengo kuu la chuo. Katika jengo hilohilo palikuwa na ukumbi wa kupasulia maiti kwa ajili ya masomo ya tiba, na chini palikuwa na shule ya upanga iliyoendeshwa na Ludolph van Ceulen, yule aliyekokotoa pai hadi tarakimu 35 za desimali. Ipo picha maarufu ya mwaka 1610, iliyochorwa na Woudanus, inayoonyesha chumba cha maktaba. Vitabu vimefungwa kwa minyororo kwenye rafu zao, kwa sababu havikuazimwa. Rafu zimepangwa kwa elimu: teolojia, sheria, tiba, historia, falsafa, fasihi, hisabati. Wasomaji wamesimama. Mbele, upande wa kulia, kuna kabati lililofungwa, lenye maandishi yanayosema kwamba hicho ni kilichoachwa na Joseph Scaliger.

Kabati hilo ndilo linaloeleza Heinsius alikuwa mkutubi wa namna gani. Scaliger alifariki tarehe 21 Januari 1609, Heinsius akiwa karibu naye hadi mwisho, na ndiye aliyetoa hotuba ya maombolezo chuoni. Katika wasia wake mzee huyo aliiachia maktaba ya chuo vitabu vyake vyote vya lugha za kigeni: Kiebrania, Kisiria, Kiarabu, Kihabeshi. Kabla ya hapo Leiden ilikuwa maktaba nzuri ya Kilatini na Kigiriki. Baada ya wasia huo iligeuka kuwa mahali ambapo mtu angeweza kuanza kusoma Mashariki kwa uzito. Mwaka 1613 Thomas Erpenius alipewa uprofesa wa Kiarabu, na mwanafunzi wake Jacob Golius, baada ya safari za Morocco na nchi za Sham, alirudi mwaka 1629 na miswada zaidi ya 200. Hayo yote yalitokea Heinsius akishika funguo. Hakuwa mtaalamu wa Kiarabu, lakini mkusanyiko ulikua katika zama zake, na alichapisha katalogi mpya zaidi ya mara moja, ikiwemo ile kubwa ya 1640.

Kuhusu katalogi, kuna jambo usilikose. Leiden ilikuwa na katalogi iliyochapwa tangu 1595, kazi ya Petrus Bertius, nayo huhesabiwa kuwa katalogi ya kwanza ya maktaba ya taasisi kupigwa chapa. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza msomi aliye Paris au Oxford angeweza kujua Leiden kuna nini bila kufunga safari.

Lakini mlango wenyewe haukuwa wazi namna hiyo. Heinsius aliipenda maktaba kwa mapenzi ya mtu anayetaka kubaki peke yake na apendacho. Katika barua moja anaeleza kwamba akishaingia humo hukaza komeo, akaiacha nje tamaa, uchu wa vyeo na ubahili, akaketi katika mapaja ya umilele miongoni mwa roho nyingi tukufu, na akawahurumia wakubwa na matajiri wasioijua furaha hiyo. Robert Burton, mkutubi na mwandishi wa Oxford, aliyanukuu maneno hayo katika kitabu chake cha 1621 juu ya huzuni, na tangu hapo wapenda vitabu wameyarudia sana. Ni maneno mazuri mno. Ila wewe, kama mkutubi mtarajiwa, yasome tena uone ni nani aliyebaki nje ya komeo. Wanafunzi wa kawaida walikuwa na nafasi finyu sana ya kuingia maktabani katika miaka yake mingi ya utumishi. Maprofesa wenzake walilalamika pia, na nitamtaja mmoja wao hivi punde. Namheshimu sana Heinsius kama msomi, lakini sikubali kuyapita haya. Mkutubi anayependa vitabu bila kuwapenda wasomaji ameshika nusu tu ya kazi.

Kalamu yake haikunyamaza kwa sababu ya maktaba. Mwaka 1611 alitoa Poetika ya Aristotle pamoja na risala yake mwenyewe juu ya muundo wa tanzia. Risala hiyo ilisafiri mbali kuliko chochote alichokiandika. Watunzi wa tamthilia waliitumia: Ben Jonson aliichota Uingereza, na Ufaransa Corneille na Racine waliisoma. Mwaka 1616 rafiki yake Petrus Scriverius alikusanya mashairi yake ya Kiholanzi na kuyachapisha. Hapa tuzingatie. Msomi wa hadhi hiyo alitarajiwa kuandika Kilatini. Lugha ya nyumbani ilikuwa ya nyimbo za sokoni na mahubiri. Heinsius aliionyesha kwamba inaweza kubeba vipimo vya kiungwana, na katika miaka hiyo alitunga tenzi mbili ndefu kwa Kiholanzi, moja ya kumsifu Bacchus, mungu wa mvinyo, na nyingine ya kumsifu Yesu Kristo. Kijana wa Kijerumani, Martin Opitz, aliyasoma mashairi hayo, akafika Leiden mwaka 1620, akazitafsiri tenzi zote mbili, na mwaka 1624 akaandika kitabu kilichoweka misingi mipya ya ushairi wa Kijerumani. Kwa hiyo mshairi ambaye leo hata Uholanzi wanamsoma wachache ana mkono wake katika fasihi ya taifa jirani.

Sasa mwaka 1618. Jamhuri ya Uholanzi ilikuwa imegawanyika juu ya suala la teolojia: je, Mungu ameshaamua tangu milele nani ataokolewa, au imani ya mtu ina nafasi? Nyuma ya suala hilo palikuwa na ugomvi wa madaraka kati ya Mwanamfalme Maurits na kiongozi wa serikali, Johan van Oldenbarnevelt. Sinodi, yaani baraza la kanisa, iliitishwa Dordrecht kuanzia Novemba 1618 hadi Mei 1619. Heinsius aliteuliwa kuwa katibu wa wajumbe wa serikali, akaandika kumbukumbu upande wa washindi, yaani Wakalvini walioshikilia kwamba Mungu ameshaamua. Oldenbarnevelt alikatwa kichwa Mei 1619. Grotius, rafiki wa ujana wake, alihukumiwa kifungo cha maisha katika ngome ya Loevestein. Bertius, yule wa katalogi ya 1595, alifukuzwa chuoni na kuhamia Ufaransa.

Wapo wanaomlaumu Heinsius kwa uoga au uchu wa cheo. Sioni kwamba mambo ni mepesi hivyo. Aliyekimbizwa Ghent akiwa mtoto aliamini kwa dhati kwamba Ukalvini imara ndio ukuta uliobaki kati ya nchi hiyo na Hispania. Lakini bei aliyolipa ilikuwa urafiki, na kwa maoni yangu tangu hapo mashairi yake yalipoteza uchangamfu. Grotius, kwa upande wake, alitoroka Machi 1621 ndani ya sanduku la vitabu. Alikuwa amezoea kuletewa masanduku ya kusomea gerezani, na mkewe Maria van Reigersberch akabuni hila ya kumfungia ndani ya mojawapo. Askari wakalibeba wenyewe hadi nje ya ngome.

Heinsius aliendelea kupanda. Alimwoa Ermgard Rutgers mwaka 1617. Kaka wa mkewe, Janus Rutgersius, alikuwa mwanadiplomasia wa Uswidi, na kupitia mlango huo Heinsius akateuliwa mwanahistoria wa mfalme Gustav Adolf. Venice nayo ilimpa nishani ya Mtakatifu Marko. Alitunga utenzi wa Kilatini wa vitabu vinne juu ya kudharau mauti, akaandika pia kitabu cha kumsifu punda, aina ya uandishi iliyopendwa na wasomi wa zama hizo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtu aliyesifiwa na Scaliger akiwa na miaka 20 hakuwahi kuzoea kupingwa, na walipotokea wapinzani hakujua kuwapokea.

Walitokea wawili. Mwaka 1632 alichapisha tanzia nyingine, Herodes Infanticida, juu ya Herode na watoto wa Bethlehemu. Mwandishi Mfaransa Guez de Balzac aliuliza kwa adabu, katika maandishi yaliyotoka 1636, inakuwaje malaika wa Kikristo na mashetani wa kisasili cha Kigiriki wakutane katika mchezo uleule. Lilikuwa swali zuri la kisanaa, ambalo mwandishi wa risala juu ya tanzia angeweza kulijibu kwa utulivu. Heinsius alijibu kwa urefu na kwa uchungu.

Wa pili aliishi mjini mwake. Claude Saumaise, msomi wa Kifaransa anayejulikana kwa Kilatini kama Salmasius, aliletwa Leiden 1632 kwa masharti kama yale ya Scaliger: heshima, mshahara, bila vipindi vya darasani. Kwa Heinsius ni kana kwamba kiti cha baba kimepewa mgeni. Wawili hao walichukiana kwa miaka 20. Salmasius alilalamika kwamba mkutubi anamnyima miswada ya maktaba, na alipopata nafasi alimshambulia hadharani. Heinsius alipotoa mwaka 1639 kazi yake kubwa juu ya Agano Jipya, akidai kwamba Kigiriki chake ni lahaja ya pekee ya Wayahudi waliokulia katika Kigiriki, Salmasius alijibu mwaka 1643 kwa kitabu kizima cha kupinga kwamba lahaja hiyo iliwahi kuwepo. Katika hoja hiyo nadhani Salmasius alikuwa na haki zaidi. Kwa habari ya tabia, wote wawili waliiabisha elimu yao, na walioathirika ni wanafunzi waliolazimika kuchagua upande.

Heinsius alifariki Leiden tarehe 25 Februari 1655, akiwa amehudumu maktabani kwa karibu nusu karne. Mwanawe Nicolaas, aliyezaliwa 1620, alikuwa ameshapata jina lake mwenyewe: mshairi wa Kilatini, mwindaji wa miswada kwa ajili ya Malkia Christina wa Uswidi, na mhariri wa mashairi ya Mrumi Ovid, ambaye wahakiki wa leo bado wanamtaja katika tanbihi zao. Kwa uhakiki wa matini mwana alimpita baba. Alizunguka maktaba za Ulaya akilinganisha nakala kwa nakala, wakati baba alipenda zaidi kusahihisha kwa kukisia, kwa kutegemea sikio lake la kishairi.

Ukitaka kumsoma mwenyewe, usianze na vitabu vizito vya teolojia. Auriacus imehaririwa upya kisasa na Jan Bloemendal, na mashairi ya 1616 yanafaa kwa yeyote anayejua Kiholanzi kidogo. Na kwa masomo yako ya ukutubi, tafuta katalogi mbili uziweke kando kwa kando: ya Bertius ya 1595 na ya Heinsius ya 1640. Tazama jinsi vichwa vya elimu vilivyopangwa, vitabu vya kila kichwa vilivyoongezeka, na hasa sehemu ya vitabu vya Mashariki, ambayo katika ile ya kwanza ilikuwa karibu si chochote. Ukishafanya hivyo, niandikie tena tujadili upangaji wenyewe, kwa sababu huo unahitaji jibu la peke yake.